Yanyooke Kwanza, Yang'ae Baadaye

Uwe Kiomboi au Nduguti, Ikungi au Manyoni, Itigi au hapa hapa mjini Singida, karibu tuzungumze. Mada yetu ya leo ni meno. Maumivu ya jino tumekwisha kuyasema sana katika kipindi hiki. Leo tunasema juu ya sura ya jino: lile lililopinda, na lile lenye rangi ya kahawia. Katika mkoa wetu wako wengi walio na yote mawili kwa pamoja. Na siku hizi kijana akipata ajira, au mzazi akiuza vitunguu na alizeti kwa bei nzuri, hamu ya kuyatengeneza inakuja. Ndipo linapozuka swali: nianze na lipi? Niyang'arishe kwanza, au niyanyooshe kwanza?

Nakupa jibu sasa hivi, kisha muda uliobaki tuutumie kulieleza. Jino linalohama halipambwi. Anza na afya ya kinywa, fuata kunyoosha, malizia na rangi na umbo. Kuna mambo machache yanayoruka foleni hiyo, nayo tutayafikia. Lakini ukiupindua mpangilio huu kwa pupa, utalipa mara mbili, na safari ya pili hutalipa kwa fedha peke yake. Utalipa kwa gamba la jino, lile tabaka gumu la nje linaloitwa enameli, ambalo likishaondoka halioti tena.

Kwa nini swali hili ni kubwa kwetu kuliko kwa watu wa mikoa mingine? Kwa sababu ya maji. Singida iko kwenye ukanda wa Bonde la Ufa, pamoja na ndugu zetu wa Manyara, Arusha, Kilimanjaro na kwingineko. Maji ya visima yanapopita katika miamba ya ardhi hii huyeyusha madini ya floraidi. Kidogo chake hulinda jino lisioze. Kikizidi, na mtoto akayanywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yanaumbika ndani ya taya, gamba la jino hutoka na vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Jino hilo huchomoza likiwa na weupe wa chokaa, kisha vile vitundu hunyonya rangi mwaka hadi mwaka mpaka kahawia inakolea. Shirika la Afya Duniani linasema floraidi kwenye maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Nchi yetu, kwa shida ya maji iliyokuwapo, kwa miaka mingi iliruhusu kwa muda mpaka miligramu 8 kwa lita vijijini, baadaye ikashusha hadi 4, na sasa tumefika kwenye hiyo 1.5. Kwa hiyo mtu mzima anayekusikiliza leo kutoka kijiji fulani cha Mkalama huenda alikua akinywa maji ambayo kipimo cha leo kingeyakataa. Kahawia yake si uchafu, wala si uvivu wa kupiga mswaki.

Na wala hatuko peke yetu. Mwaka 1901 daktari kijana wa meno, Frederick McKay, alifungua kazi katika mji wa Colorado Springs nchini Marekani, akakuta wenyeji wengi wana meno ya kahawia na hakuna ajuaye sababu. Alilifuatilia jambo hilo kwa miaka mingi. Akagundua kuwa mtu aliyehamia mji ule akiwa mkubwa, meno yake yameshatoka, hakupata madoa, ilhali watoto waliokulia pale waliyapata. Ilipofika mwaka 1931 ndipo wakemia walipopima maji na kuiona floraidi. Likumbuke hilo la mtu mzima na mtoto, maana litatusaidia mbele kwenye habari ya dawa ya meno.

Sasa tuingie kwenye mpangilio wenyewe. Tuseme kuna binti wa miaka 22 hapa mjini. Meno yake ya mbele ya juu yamepandana, na yana kahawia. Ana akiba kidogo. Anaambiwa kuna vinia, yaani vigamba vyembamba vya kauri au vya plastiki ngumu vinavyobandikwa mbele ya jino, na kwamba kwa muda mfupi tu atakuwa na meno meupe kama ya watangazaji wa televisheni. Anabandikiwa. Mwaka unaofuata anaona bado yamepandana, anataka waya wa kuyanyoosha. Hapo ndipo hesabu inapoharibika. Breketi, vile vifungo vidogo vinavyoshika waya, hubandikwa kwa gundi kwenye uso wa jino, na gundi hiyo haishiki vizuri kwenye kauri mpaka kauri ikwaruzwe na kutiwa dawa maalumu. Siku ya kuzibandua, kigamba kinaweza kumeguka. Lakini baya zaidi ni hili: kile kigamba kilikatwa kwa vipimo vya jino lililokaa upande. Jino likizungushwa na kukaa sawa, umbo lile halina maana tena. Upande mmoja utaonekana mnene, ukingo utakuwa juu ya wenzake, na fizi itakapotulia mahali papya, mpaka wa kigamba utaonekana. Itabidi kitolewe na kitengenezwe kingine. Hakuna fundi anayepiga lipu ukuta ambao kesho utasogezwa.

Na kung'arisha kwa dawa nako? Dawa nyingi za kung'arisha hutumia peroksaidi, ambayo huingia ndani ya gamba na kuvunjavunja rangi. Ukifanya kabla ya waya, kuna mambo mawili. Kwanza, oksijeni iliyobaki ndani ya jino hudhoofisha gundi, kwa hiyo ni lazima kupita angalau wiki mbili kabla ya breketi kubandikwa. Pili, waya utakaa mdomoni mwaka mmoja na nusu, miwili, hata zaidi, na katika muda wote huo unakunywa chai na kula mchuzi wa manjano. Weupe ulioununua utakuwa umefifia kabla hujatolewa waya. Ukifanya waya ukiwa mdomoni, dawa haifiki sawasawa chini ya vifungo, na siku vinapotolewa unaweza kujikuta na mabaka. Kwa mtu wa Singida, ambaye tayari alikuwa na mabaka, hiyo ni kuongeza kazi juu ya kazi.

Kuna jambo lingine ambalo aliyelelewa kwenye maji yetu anapaswa kulijua kabla hajaketi kwenye kiti cha daktari. Ili gundi ya breketi ishike, jino hupakwa asidi kwa sekunde chache ili uso wake uwe na mikwaruzo midogo. Tabaka la juu la jino lenye floraidi nyingi hukaidi asidi hiyo. Matokeo yake breketi zinaweza kudondoka mara kwa mara. Daktari anayejua hili ana njia zake: huacha asidi ikae muda mrefu zaidi, husugua kwanza tabaka la juu kwa uangalifu, au hutumia gundi yenye nguvu zaidi. Lakini daktari wa mbali, ambaye wagonjwa wake wengi hawana meno kama yetu, huenda asilifikirie mpaka breketi ya tatu idondoke. Kwa hiyo mwambie mapema: mimi nimekulia Singida, nimekunywa maji ya kisima. Taarifa hiyo ni sehemu ya matibabu. Na ukishatoboa kibubu kwenda kwa daktari wa mbali, breketi inayodondoka baada ya wiki moja ni nauli nyingine.

Haya, tumesema rangi na umbo vije mwisho. Je, yapi yaje mwanzo kabisa?

La kwanza ni afya. Jino lililooza lizibwe. Fizi zinazotoa damu zitibiwe, ugaga uliojikusanya ukwanguliwe. Waya hauvutwi juu ya fizi zinazougua, kwa sababu mfupa unaoshika jino unaweza kulegea zaidi. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Meno yaliyong'arishwa juu ya fizi mbovu ndiyo mkakasi wenyewe. Kazi hii ya mwanzo, kwa bahati nzuri, inafanyika karibu na nyumbani. Hospitali ya rufaa ya mkoa na hospitali zetu za wilaya zina idara za kinywa na meno. Imalize huku huku kabla hujakata tiketi.

La pili ni jino lililovunjika. Kijana aliyeanguka na pikipiki akakata pembe ya jino la mbele hawezi kuambiwa asubiri miaka miwili. Hilo linajengwa mapema, ila kwa kazi ya muda: plastiki ya kuziba inayolingana na rangi ya sasa, kwa bei ya kawaida, huku ikijulikana kwamba itabadilishwa mwishoni. Ukiambiwa uweke kauri ya gharama kubwa kwenye jino ambalo mwezi ujao litafungwa waya, uliza sababu.

La tatu ni jino dogo. Wako watu ambao meno ya pembeni, yale yanayopakana na mawili ya katikati, yametoka madogo na yamechongoka kama msumari. Hapo mara nyingi daktari wa kunyoosha huomba mwenzake alijenge jino hilo kwanza, au katikati ya safari, ili ajue aache nafasi ya upana gani. Huu ni mfano wa kazi ya urembo inayotangulia kwa haki, kwa sababu inamwonyesha mnyooshaji anakokwenda.

La nne, msikilizaji, ni zito, na hatuwezi kulipita. Ni pengo. Tangu miaka ya 1980 imeenea katika sehemu mbalimbali za Tanzania imani kwamba mtoto mchanga mwenye homa au anayeharisha ana "meno ya nailoni", wengine huyaita meno ya plastiki. Fizi ya kitoto hicho hupasuliwa na vichipukizi vya meno chonge hung'olewa. Ugonjwa unabaki pale pale, maana homa ilikuwa ya malaria au ya tumbo, na mtoto anaongezewa kidonda. Miaka inapita. Chini ya kile chipukizi cha utotoni kulikuwa na mbegu ya chonge la ukubwani, na kisu kiliigusa. Jino hilo hutoka limeharibika, au hutoka mahali pasipo pake, au halitoki kabisa. Kijana wa namna hii akitaka kunyoosha meno, uamuzi mkubwa ni mmoja: pengo lifungwe kwa kuyasogeza meno mengine, au liachwe wazi na kutunzwa ili baadaye liwekwe jino la bandia? Uamuzi huo haufanywi mwishoni. Unafanywa siku ya kwanza, na anayenyoosha na atakayetengeneza jino la bandia wakae pamoja, hata kama ni kwa simu. Kwa kipindi cha waya, jino la muda linaweza kuning'inizwa kwenye waya wenyewe ili kijana asifiche mdomo kwa mkono kila akicheka.

Na kama chaguo ni kipandikizi, yaani skrubu inayowekwa ndani ya mfupa wa taya na kubeba jino, subira inaongezeka. Kipandikizi hakisogei pamoja na taya linalokua. Akiwekewa mtoto wa miaka 14, meno mengine yatashuka na kukua na uso, hilo moja litabaki juu kama limeachwa nyuma. Kwa hiyo husubiriwa mpaka taya limalize kukua, na hilo kwa wavulana huchelewa zaidi kuliko kwa wasichana. Mzazi anayeharakisha kipandikizi ili mtoto aingie kidato cha tano akiwa kamili, ana nia njema, lakini kalenda ya mfupa haifuati kalenda ya shule.

Tupumzike kidogo na jambo la raha. Mwanya. Kwetu mwanya wa juu ni sifa. Umeimbwa, umetongozewa, na wako waliothubutu kuuchonga ili wawe nao. Lakini daktari aliyefunzwa kwa vitabu vya nchi nyingine anaweza kuuona kama kasoro, akaufunga bila kukuuliza. Na mwanya ukishafungwa una tabia ya kutaka kurudi, hata ubandikwe kiwaya kwa nyuma. Sema mapema: mwanya wangu nauacha, au mwanya wangu nauondoa. Mambo ya uzuri ni yako, ila yanaingia kwenye mpango kabla ya gundi ya kwanza.

Sasa uko ndani ya waya. Utakaa humo miezi mingi, ukirudi kwa daktari kila baada ya wiki nne mpaka nane. Kazi yako ya urembo katika kipindi hiki ni moja tu, nayo haiuzwi: usafi. Chakula hujificha kuzunguka breketi, bakteria hutengeneza asidi, na gamba la jino huanza kupoteza madini yake. Siku breketi zinatolewa unakuta duara jeupe limebaki kuzunguka mahali kifungo kilipokaa. Aliyekwenda kutafuta uzuri anarudi na alama mpya. Mswaki wa mti tunaupenda, na unasafisha vizuri uso ulio wazi, lakini haupenyi chini ya waya. Tafuta mswaki wa kawaida wenye nywele laini, na ukipata ule mdogo wa kupitisha katikati ya meno, bora zaidi. Soda na juisi za sukari zipungue. Na vile vitu vigumu, mahindi ya kuchoma yaliyokauka, miwa, na ndiyo, mifupa ya kuku wa kienyeji ambaye Singida tunajulikana naye mpaka Dar es Salaam, hivyo viache kwa muda. Nyama kula. Mfupa mwachie mwingine.

Hapa ndipo wengi huniuliza: sisi tulioharibiwa na floraidi, tutumieje tena dawa ya meno yenye floraidi? Rudi kwa yule daktari wa Colorado. Floraidi huweka madoa wakati jino linaumbika ndani ya taya. Mtoto akifika miaka minane hivi, magamba ya meno yake yote ya ukubwani, isipokuwa magego ya mwisho, yameshamaliza kuumbika. Mtu mzima aliye kwenye waya akipiga mswaki kwa dawa yenye floraidi hapati madoa mapya, ila anapata kinga dhidi ya yale maduara meupe. Atumie bila hofu, na ateme. Anayehitaji uangalifu ni mtoto mdogo, ambaye humeza. Aliye chini ya miaka mitatu anatoshwa na dawa kiasi cha punje ya mchele, mkubwa kidogo kiasi cha punje ya njegere, na mzazi asimame pale mpaka mtoto ateme.

Waya umetolewa. Meno yamenyooka. Umesimama mbele ya kioo na sasa, kwa kuwa mstari ni mzuri, ile kahawia inakukera kuliko zamani. Ndiyo, sasa ni zamu ya rangi. Ila hata hapa kuna foleni ndani ya foleni.

Kwanza gundi iliyobaki isafishwe, na meno yapate kizuizi. Jino lililosogezwa hutaka kurudi kwao, kwa hiyo unavaa kifaa cha kulizuia, cha plastiki angavu au kiwaya kilichobandikwa kwa nyuma. Bila kizuizi, kila utakachojenga mbele kitakuwa kimejengwa juu ya jino linalotoroka. Fizi nazo zipe wiki kadhaa zitulie, maana waya huzivimbisha. Na kama una maduara meupe ya kwenye waya, usikimbilie kuyakwangua. Mate na dawa yenye floraidi huyarudishia madini, na kwa miezi kadhaa mengine hufifia yenyewe.

Kisha kung'arisha kwa peroksaidi, kama daktari ameona kunafaa. Anayenyonyesha au mjamzito angoje, na mtoto chini ya miaka 18 vivyo hivyo. Baada ya kung'arisha, subiri tena angalau wiki mbili kabla ya kuziba au kujenga kitu cha kudumu, kwa sababu mbili: gundi ipate kushika, na rangi itulie ili kijazio kilingane nayo. Ukumbuke kwamba plastiki na kauri hazing'ariki kwa dawa. Ukijenga kwanza kisha ung'arishe, jino litakuwa jeupe na kiraka kitabaki na rangi ya jana. Ndiyo maana rangi hutangulia umbo.

Lakini kahawia ya floraidi si sawa na madoa ya chai. Mwaka 1978 wataalamu wawili wa Denmark, Thylstrup na Fejerskov, walitoa kipimo cha kuipanga kwa madaraja kutoka 0 hadi 9, na walikitengeneza kwa kuchunguza meno ya watoto wa Tanzania. Kipimo hicho kinatumika duniani kote. Faida yake kwako ni kuelewa kwamba dawa moja haitibu madaraja yote. Kwenye daraja la chini, kung'arisha peke yake, au kusugua tabaka jembamba sana la juu kwa asidi na unga maalumu mikononi mwa daktari, huweza kutosha. Kwenye madaraja ya kati, njia hizo mbili huunganishwa, na pengine kiraka chembamba huongezwa. Kwenye madaraja ya juu, ambako gamba limemomonyoka na lina mashimo, kung'arisha ni kupoteza fedha. Hapo jino linahitaji kufunikwa, kwa plastiki au kwa kauri. Mwulize daktari wako swali hili: yangu ni daraja gani, na kwa nini umechagua njia hii?

Na mwisho kabisa, baada ya kujenga, kizuizi kipya. Kile cha mwanzo kilipimwa kwa umbo la zamani, hakitaingia. Panga gharama ya vizuizi viwili tangu mwanzo, usije ukashangazwa mlangoni.

Msikilizaji, nimekwisha kusikia pingamizi lako. Harusi ni Agosti, baada ya mavuno. Sendofu ni Julai. Unaniambia habari ya miaka miwili? Nakuelewa. Kwa hiyo hesabu kutoka kwenye tarehe kurudi nyuma. Ikiwa imebaki miezi sita, usifungue mradi wa waya kwa matumaini ya kuumaliza. Sherehekea na meno yaliyosafishwa vizuri hospitalini, anza waya baada ya fungate. Na kama waya uko mdomoni siku ya harusi, cheka nao. Utakayeoana naye ameshauona.

Njia ya mkato ndiyo ninayoiogopa. Wapo mitaani wanaosafisha meno ya kahawia kwa msasa na tindikali. Kahawia inatoka kweli, kwa sababu gamba limetoka pamoja nayo. Miezi michache baadaye jino linapiga kelele kwa maji baridi, na siku ukitaka breketi, gundi haina pa kushika. Na ipo njia ya mkato ya kisomi zaidi: meno yaliyopinda yanakatwa na kuvikwa kofia zilizonyooka, bila waya. Inawezekana, na inapendeza haraka. Lakini kofia kamili inaweza kula zaidi ya nusu ya sehemu ya jino inayoonekana, na kofia haidumu milele, itabadilishwa tena na tena maishani. Kwa mtu wa miaka 55 mwenye meno yaliyokwisha kuzibwazibwa, hilo laweza kuwa la busara. Kwa kijana wa miaka 20 mwenye meno mazima, ni mkopo wenye riba kubwa.

Tumalizie na umbali, maana ndiyo hali yetu. Mabingwa wa kunyoosha meno ni wachache nchini, na wengi wako Dar es Salaam, ilipo Muhimbili na shule yake ya madaktari wa meno. Kutoka hapa mjini mpaka Dodoma ni kilomita kama 240, mpaka Dar es Salaam karibu 700. Matibabu ya miaka miwili yanaweza kuwa safari ishirini. Kwa hiyo nakuomba, kabla hujalipa shilingi ya kwanza, uwe na karatasi moja. Juu yake yaandikwe yatakayofanyika kabla ya waya, wakati wa waya na baada ya waya, nani atafanya lipi, na bei ya kila kimoja mpaka kizuizi cha mwisho. Uliza kama daktari wa karibu nawe anaweza kurudishia breketi iliyodondoka, ili usipande basi kwa ajili ya kifungo kimoja. Kama una bima, uliza mapema wanalipa lipi, usije ukadhani kila kitu kimo. Na kama wa kung'arisha na wa kunyoosha ni watu wawili, wote wawili waione karatasi hiyo. Daktari asiyetaka kuandika mpango wa miaka miwili hakufai kwa safari ya miaka miwili.

Na ninyi wazazi wenye watoto wadogo, kwenu mpango unaanzia jikoni. Meno ya mbele ya ukubwani hupokea madhara zaidi kati ya mwaka wa kwanza na wa tatu wa maisha. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi, na maji yakipungua sufuriani huikoleza. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Kwetu mvua ni ya msimu mmoja, basi tangi dogo lililotengwa kwa uji na maji ya kunywa ya mtoto tu linafaa kuliko tangi kubwa la kuoshea vyombo. Na ule mlenda wetu wa magadi, na maharage yaliyolainishwa kwa magadi: watafiti wameyakuta magadi yetu yakibeba floraidi nyingi. Mlenda sikuzuii, nami naupenda. Chakula cha mtoto mdogo tu ndicho kipikwe bila magadi. Mtoto huyo akifika miaka 20, orodha yote niliyoisoma jioni hii itakuwa fupi kwake: akitaka kunyoosha atanyoosha, na rangi haitakuwa na kesi.

Mpaka hapo nimefika mwisho wa muda wangu. Wiki ijayo tutakuwa na mtaalamu wa maji tumwulize kuhusu kupima visima vya vijiji vyetu, kwa hiyo andaa maswali. Kwa leo, kama una miadi ya meno, chukua kalamu na karatasi kabla ya kuchukua nauli. Usiku mwema.